Nani Alichimba Pango la Chumvi

Ng'ombe wa Chemutai alikula leso yangu. Sisemi aliikanyaga au aliichafua, aliila. Nilikuwa nimeianika kwenye ua nyuma ya hoteli yangu, na nilipotoka na karai la maji machafu nikamkuta Chelel, yule ng'ombe wake mweupe mwenye mimba, amesimama na ncha ya leso ikining'inia mdomoni. Alitafuna polepole akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nilivuta upande wangu, naye akavuta wake. Nilibaki na kipande cha kufungia sukari.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Jina langu ni Janefer Bochaberi, Mkisii, mzaliwa wa nyumba za wafanyakazi wa majani chai huko Kericho. Mama yangu alichuna chai mpaka vidole vikakataa kunyooka, nami nikachuna mpaka mgongo ukakataa kuinama, ndipo nikahamia huku Chepalungu, karibu na Sigor, kupikia watu chapati na maharagwe. Hoteli yangu ni mabati manne, benchi na viti viwili vya plastiki. Majirani hunitania kwamba nikianza kugomba hata kuku wao hutaga kabla ya wakati.

Basi nilienda kwa Chemutai nikiwa nimejaa mpaka hapa. Nilimkuta mlangoni kwake amevaa kofia yake ya kijani ya mwongoza wageni, na ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Bot Kiplangat," nikaanza, maana hapa mwanamke huitwa kwa mtoto wake, na Kiplangat ndiye kifungua mimba wake, "ng'ombe wako amekula nguo yangu."

Nilitaka anibishie. Nilikuwa nimejiandaa vizuri njiani. Lakini alikaa chini kwenye kigoda na kushika kichwa.

"Bochaberi, jana ilikula soksi ya pasta," akasema. "Juzi ilitafuna mfupa ya mbwa mpaka meno ikalia. Hii ng'ombe iko na njaa ya chumvi. Na chumvi nimeifungia mimi."

Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nilikaa pia.

Ili uelewe, lazima ulijue pango. Ukiacha barabara karibu na kwangu, ukapanda kidogo kwenye vichaka, unakuta mwamba uliokatika, na chini yake pango pana lenye udongo mweupe kama unga wa mahindi. Udongo huo una chumvi. Wakipsigis huuita ng'enda. Ng'ombe wa huku hula nyasi nzuri lakini kuna kitu nyasi hizo hazina, na ng'ombe anakijua kuliko daktari. Kwa hiyo wafugaji walikuwa na zamu. Leo boma hili, kesho boma lile. Ng'ombe wakishapata harufu hakuna haja ya fimbo tena. Hupanda mbio mikia juu, hata vikongwe, kisha hutulia ukutani na kulamba. Wajawazito wa kwetu nao huchukua kipande wakafunga kwenye leso. Mimi mwenyewe nilikula udongo ule mimba ya pili, ingawa mume wangu alinicheka.

Chemutai alikulia mle. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi yeye ndiye aliyechunga, kitu ambacho wasichana wa rika lake hawakufanya. Shule aliiona kwa mbali akipita na ng'ombe. Lakini ukitaka kujua msitu wa Chepalungu ulifika wapi kabla haujakatwa, tembo walipita wapi, wazee walihamishiaje mifugo huku malisho ya juu yalipogeuzwa mashamba ya chai, utaambiwa, "Nenda kwa Chemutai." Anasimulia kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea: anaanza, anasimama, anasema, "Hapana, si hapo," anarudi. Mimi humwambia maneno yake ni kama uji uliotiwa maji mara tatu. Hucheka.

Sasa, mwaka huu mradi mmoja wa vivutio ulifika kwetu. Walikuwa wakizunguka kutafuta vitu vya kuonyesha wageni: maporomoko, vilima, mapango, mahali penye habari. Waliokuja ni wawili, Caren wa upande wa historia na Ogola wa upande wa mazingira. Watu wazuri wote wawili, sina la kuwasingizia. Walikunywa chai kwangu na kunisifia chapati. Waliona pango, wakapagawa. Halafu wakaanza kubishana, na sijawahi kuona ubishi wa namna ile.

Ogola alisema pango limechimbwa na tembo. Alionyesha mikwaruzo mirefu ukutani, akasema hizo ni pembe, tembo walikuwa wakibomoa udongo ili waulambe. Kwa hiyo pango ni maumbile. Caren alisema hapana, ile ni mikono ya wafugaji, vizazi na vizazi, kwa hiyo pango ni historia. Mimi nikauliza, nikiwa na sufuria mkononi, kuna tofauti gani? Wakanitazama kwa huruma. Kumbe mradi una mifuko miwili. Kitu cha maumbile kinatunzwa na mfuko huu na masharti yake, kitu cha historia na mfuko ule na masharti yake, na kitu hakiwezi kuwa vyote viwili. Mpaka leo sijaelewa kwa nini. Wahenga walisema tembo wawili wakipigana nyasi ndizo huumia, lakini hapa hata tembo mwenyewe hatukuwa na uhakika kama aliwahi kuwapo.

Wakati wakibishana, wakaweka ua wa waya na mlango, "kwa muda tu," na wakatafuta mwongozaji. Kijiji kizima kilimnyooshea Chemutai kidole.

Alifurahi, sitaficha. Mwanamke ambaye maisha yake yote alisema na ng'ombe, sasa watu wenye viatu safi walisimama kumsikiliza, wakampiga picha, wakamuuliza, "Na kisha?" Alikuwa akipita kwangu asubuhi amepaka mafuta, kofia imekaa sawasawa, na hata chai alikunywa akiwa wima. Nilimwonea raha. Nilijionea raha mwenyewe pia, maana wageni wakishuka kutoka pangoni huwa na njaa.

Lakini mlango ulikuwa mlango. Kazi ya kwanza ya mwongozaji ilikuwa kuwazuia ng'ombe wasiingie mpaka mambo yaamuliwe, na wa kwanza kuzuiwa alikuwa Chelel. Majirani walianza kumsalimia Chemutai kwa mkato. Mmoja alimwambia mbele yangu, "Ulipewa kofia ama ulipewa ng'enda?" Chemutai alinunua chumvi ya duka la dawa za mifugo, Chelel aliilamba kama mtu anayekunywa dawa, kisha akarudi kwenye kamba za nguo za watu. Mimba ilikuwa imekua, na mbavu zilikuwa zikihesabika.

"Si ufungue tu kidogo jioni, nani ataona?" nilimwambia siku ile ya leso.

"Nimeahidi," akajibu. "Na pia, Bochaberi, kuna kitu ingine. Mimi sijui tena kama ile ninaambia wageni ni ukweli."

Akanieleza. Pale mbele ya pango walikuwa wamesimamisha ubao wa muda, na Ogola ndiye aliyeuandika kwa sababu alifika na rangi kwanza. Ubao ulisema mikwaruzo ni ya pembe za tembo. Chemutai hakuweza kuusoma, lakini alifundishwa maneno akayashika, akawa anayasema kila siku akipitisha kidole kwenye mikwaruzo. Wageni nao wanapitisha vidole na kusema, "Ala!" Halafu siku moja, katikati ya kusema, mkono wake ukaukumbuka ukuta. Alikuwa msichana mdogo, ukame ulikuwa umekausha kila kitu, na baba yake alikuja na jembe wakachimba ndani zaidi, wiki nzima, kwa sababu udongo wa nje ulikuwa umelambwa ukaisha.

"Ni mimi na baba," akasema. "Naona kabisa. Lakini hawa ni watu wamesoma, wanasema ni ndofu. Mara nasema, labda niliota. Labda tulichimba mahali ingine. Pwana Ogola hawezi kusema tu kitu ya bure."

Nilitaka kumwambia aamini kichwa chake, lakini hata mimi nilikuwa nimepitisha kidole pale na kuwaona tembo.

Jembe la baba yake lilikuwa bado ghalani, bapa lake limelika likabaki kama kijiko. Tulilichukua mchana ule ule, tukapanda. Alifungua, tukaingia, nikamshikia tochi ya simu. Akaweka ncha ya jembe kwenye mkwaruzo wa kwanza. Likaingia sawasawa, kama kifuniko kwenye birika lake. Nikapiga kigelegele. Akaweka kwenye wa pili, likaingia. Kwenye wa tatu likakataa. Mkwaruzo ulikuwa mpana kupita jembe mara mbili. Akatazama juu. Huko juu, mahali ambapo hata baba yake akipanda mgongoni mwa ng'ombe asingefika, kulikuwa na mikwaruzo mingine, mirefu, imepinda.

"Hizo ni za nani?" nikauliza.

"Sijui," akasema. Na chini, kuanzia magotini mpaka kifuani, ukuta wote ulikuwa laini, umechongeka mabonde mabonde, bila mkwaruzo wowote. Hapo hatukuhitaji tochi. Hizo zilikuwa ndimi.

Tuliteremka tukiwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyopanda. Njia nzima alikuwa akisema peke yake kwa Kipsigis, akisimama, akirudi.

Mkutano ukaitishwa ili neno lipatikane. Watu walijaa pale nje ya waya, wengine na ng'ombe wao, wamekuja nao makusudi. Caren na Ogola walikaa kwenye viti vyangu vya plastiki. Caren alisimama akazungumza kwa adabu.

"Kogo," akamwita, kama mjukuu amwitavyo nyanya yake, "wewe ndiye umeishi na hii pango kuliko sisi wote. Tutafuata neno lako. Ni watu walichimba, ama ni tembo?"

Nilijua hesabu iliyokuwa ikipita kichwani mwa Chemutai, kwa sababu usiku kucha nami ilinipita. Ogola alikuwa amekwisha kueleza kwamba kwenye maumbile yaliyohifadhiwa mifugo hairuhusiwi, itakanyaga. Basi aseme watu? Lakini Caren naye alikuwa ameeleza kwamba kwenye historia kila alama ni ushahidi, na ulimi wa ng'ombe unafuta ushahidi. Akisema tembo, ng'ombe nje. Akisema watu, ng'ombe nje. Na asiposema, kofia inaondoka na mradi unaondoka. Mshika mawili moja humponyoka, lakini Chemutai alikuwa ameshika mawili na yote yanateleza.

"Sijui," akasema.

Watu wakaguna. Ogola akatabasamu kwa upole. "Kogo, jaribu tu. Hata ukikisia."

"Zingine ni mimi na baba yangu. Zingine sijui. Chini ni ng'ombe. Njooni muone."

Akawaingiza pangoni na jembe lake. Nilijipenyeza nyuma yao. Akawaonyesha ule mkwaruzo unaoingia jembe, na Caren akapiga makofi, akasema, "Si nilisema? Watu!" Akawaonyesha ile ya juu, na Ogola akapiga paja, akasema, "Si nilisema? Tembo!" Akawaonyesha ule ulaini wa chini, nao wakainama wakautazama, wakainuka, wakaendelea na mabishano yao. Chemutai alibaki ameinama, mkono ukutani, akiwangoja. Niliumia kumwona. Nilitaka kupiga kelele, na sijui ni kitu gani kilinizuia, labda vile viti vyangu walivyokuwa wamekodi.

Walipotoka walikuwa wamepatana, na mapatano yenyewe ndiyo haya: pango ligawanywe. Kushoto historia, kulia maumbile. Utepe ukapitishwa katikati juu ya mawe. Chemutai angekuwa mwongozaji wa pande zote mbili, akapewa na kofia ya pili, ya bluu, avae ya kijani akiwa kulia na ya bluu akivuka kushoto. Kuhusu ng'ombe, hilo ndilo jambo pekee ambalo Caren na Ogola hawakulibishania hata kidogo. Watu waliondoka na mifugo yao bila kuaga. Mimi nilikusanya viti.

Siku ya kufungua pango rasmi waliletwa wageni kutoka upande wa Kericho, wengi wao akina mama wa kikundi kimoja cha kanisa huko Kapsoit, wakulima wa chai na maziwa, wenye vitambaa vya sare kichwani. Nilipanda na birika na vikombe. Chelel alikuwa nje ya waya. Hakuna aliyemleta; alikuwa amekata kamba akaja mwenyewe, akasimama pale amebana kichwa kwenye ua akilia ule mlio mfupi wa ng'ombe aliyechoka kulia. Nilijaribu kumfukuza. Hakunijali.

Chemutai aliongoza vizuri. Nataka hilo lijulikane. Kulia alivaa kijani akasema ya tembo, akavuka utepe, akavaa bluu, akasema ya watu kama Caren alivyomfundisha. Sauti yake ilikuwa imenyooka, haianzi na kurudi tena kama zamani; na mimi, niliyekuwa nikimtania kwa uji wake, nikatamani arudie japo sentensi moja.

"Hapo zamani," akasema, "wafugaji wa Kipsigis walikuwa wanaleta ng'ombe yao hapa, kulamba hii chumvi."

Bibi mmoja wa Kapsoit, mzee kuliko wenzake, alikuwa amejiegemeza kwenye mkongojo akisikiliza kwa makini. Akauliza, bila ubaya wowote, "Na waliacha lini?"

Chemutai akafungua kinywa. Akamtazama Caren. Akavusha macho mpaka kwa Ogola. Katika maneno yote aliyofundishwa na pande zote mbili, hilo halikuwamo. Nje Chelel akalia tena.

"Waliacha hii mwaka," akasema. "Waliacha nilipofunga."

"Nani alifunga?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

Chemutai aliisogeza ile kofia ya bluu kama inayombana. "Sijui," akasema, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya wageni wote. "Nimejiuliza kila siku. Mimi sijui kwa nini."

Kisha akapita katikati yao, akitoa ile kamba ya kiatu shingoni, akaenda mlangoni. Ogola alimwita. Caren alimwita, "Kogo, Kogo, tafadhali." Aliendelea. Nilisikia mnyororo ukianguka, na Chelel akaingia akikimbia na lile tumbo lake, akawapita akina mama wa Kapsoit waliojibana ukutani, akakata utepe kwa kifua asijue ni kitu gani, akafika penye ule ulaini na kutoa ulimi. Nyuma yake walikuja wengine, kwa maana kumbe kulikuwa na watu wa maboma mengine waliokuwa wakingoja vichakani na mifugo yao.

Niliweka birika chini. Chemutai alisimama ubavuni mwa Chelel, mkono wake umelala mgongoni mwa ng'ombe, kofia zote mbili ziko chini penye mbolea. Bibi wa Kapsoit alijikongoja akasimama upande wa pili wa ng'ombe yule yule, akaweka mkono wake naye. Wageni walikaa muda mrefu wakitazama ng'ombe wakilamba ukuta, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alichimba.